Ununuzi wa Newcastle United (2021)

Ununuzi wa Newcastle United ni mauzo ya klabu hiyo ya soka ya kaskazini mashariki mwa Uingereza, yaliyokamilika tarehe 7 Oktoba 2021, ambapo mfanyabiashara Mike Ashley aliikabidhi kwa wabia walioongozwa na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, uliochukua asilimia 80 ya hisa. Shirika la Amnesty International liliyapinga kwa hoja za haki za binadamu.

Ashley aliinunua klabu mwaka 2007. Katika miaka yake 14 ilishuka daraja mara mbili, 2009 na 2016, na uwanja wa St James' Park ukapewa kwa muda jina la kampuni yake ya vifaa vya michezo, jambo lililowaudhi mno mashabiki.

Baada ya mauzo, nafuu haikuja papo hapo. Kocha Steve Bruce aliondoka wiki mbili baadaye, lakini timu haikushinda hata mechi moja kati ya 14 za mwanzo za ligi. Chini ya kocha mpya Eddie Howe, na baada ya usajili wa Januari 2022 uliowaleta Kieran Trippier na Bruno Guimarães, ilimaliza nafasi ya 11. Msimu uliofuata ikawa ya nne na kufuzu Ligi ya Mabingwa. Tarehe 16 Machi 2025 iliifunga Liverpool 2-1 katika fainali ya Kombe la Ligi, kombe lake kubwa la kwanza la nyumbani tangu 1955.