Kutunza mtu aliyeshikwa na pombe: mafunzo ya waganga yanasema nini, na yanatufikia namna gani Fizi na Baraka

Mtu aliyekunywa kanyanga ama lotoko kila siku kwa miaka mingi, akiachishwa kwa ghafla, anaweza kufa. Tunajua wote kama pombe inaua. Lakini kama kuiacha vibaya nako kunaweza kuua, hiyo haisemwi sana kwetu.

Mambo yanakwenda hivi. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio, anatapika, usingizi unakosekana. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu wasiokuwapo, hajui kama ni mchana ama usiku. Familia inasema ni pepo. Anapelekwa chumba cha maombi, wakati mwingine anafungwa kamba, na anafungishwa bila chakula wala maji. Na saa ileile mwili wake unaomba maji, chakula, vitamini na dawa ya kuutuliza.

Hatuandiki hivi kwa kushambulia watu wa sala. Mchungaji anayekuja kumwona mgonjwa pale hospitalini anasaidia sana. Shida ni kamba na njaa.

Mambo haya yote yanafundishwa. Kuna mafunzo ya waganga na ya washauri juu ya ulevi na dawa za kulevya, yapo kwa miaka mingi sasa, na utafiti wake mwingine umefanyika karibu nasi, hata ndani ya Kivu yetu. Tueleze ni mafunzo gani, yanafundisha nini, na kwa nini matunda yake yanachelewa kuonekana kwenye barabara ya Baraka na Fizi.

Mafunzo yenyewe

Yanayotuhusu zaidi ni yale ya OMS, shirika la afya la dunia, yanayoitwa mhGAP. Programu hiyo ilianza 2008. Kitabu chake cha kuongoza waganga kilitoka 2010, kikarudiwa 2016, na kipo kwa Kifaransa. Wazo lake ni moja: nchi zetu hazina madaktari wa akili wa kutosha na hazitakuwa nao kesho, basi infirmiye wa kituo cha afya na daktari wa kawaida wafundishwe kutunza magonjwa ya akili yanayoonekana zaidi. Ndani yake kuna sura nzima juu ya pombe na dawa za kulevya. Infirmiye titilere wa Nundu ama wa Lulenge, kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili yake.

Kuna mafunzo mengine marefu zaidi, yanayoitwa UTC, ya watu wanaotaka kazi ya ushauri wa ulevi iwe kazi yao kamili. Yalitengenezwa na Colombo Plan, shirika la mataifa lenye makao Sri Lanka. Ngazi ya kwanza peke yake ina masomo 8. Watu wa kazi hii wana na chama chao cha dunia, ISSUP, kilichozaliwa 2015, na Desemba 2018 walikutana Nairobi. Karibu tu, ungesema. Lakini mikutano ya namna hiyo inafanyika zaidi kwa Kingereza, na safari yake si ya mshahara wa infirmiye wa Fizi.

Huku kwetu Kongo kuna programu ya taifa ya afya ya akili na programu ya taifa ya kupiganisha ulevi wa dawa, zote zikiwa Kinshasa, na kuna hospitali ya CNPP kulekule Kinshasa. Mashariki, wanaojulikana zaidi ni Frères de la Charité: kituo cha SOSAME Bukavu na Tulizo Letu Goma.

Wanafundisha nini

Jambo la kwanza mwanafunzi anaambiwa linamshangaza kidogo: aache kuuliza kama mtu huyu ni mlevi. Aulize anakunywa nini, mara ngapi, kiasi gani, na inamletea nini. OMS ilitengeneza maswali 10 ya kazi hiyo, yanaitwa AUDIT, na yalijaribiwa katika nchi 6. Kenya ni mojawapo. Kila jibu lina alama kutoka 0 mpaka 4, kwa hiyo jumla haiwezi kupita 40. Kutoka 8 mtu anakunywa kwa namna ya kujiumiza. Kutoka 20, muganga anaanza kufikiri kama pombe imekwisha kumshika.

Faida ya maswali haya ni kwamba yanatofautisha watu. Kijana wa Misisi anayekunywa Jumamosi kisha kupata dhahabu si sawa na baba ambaye asubuhi, mbele ya kikombe, hawezi kushika kijiko kwa kutetemeka. Wa kwanza anaomba mazungumzo ya dakika kumi, na mara nyingi yanatosha kumpunguzia. Wa pili anaomba matunzo ya kweli. Kwetu tunawaita wote mulevi, basi tunawapa wote dawa moja, yaani haya.

Jambo la pili ni namna ya kuzungumza. Muganga mzee anajua kugombeza: "Utakufa! Angalia watoto wako!" Mafunzo yanamwambia anyamaze kidogo. Aseme: "Papa, wewe mwenyewe, unaona pombe inakusaidia wapi? Na inakuharibia wapi?" Kisha asikilize. Mtu akisikia sababu zake kwa mdomo wake mwenyewe anazikubali kuliko akizisikia kwa mdomo wa muganga. Kwa macho ni jambo dogo, lakini kulishika kunaomba mazoezi mingi.

Jambo la tatu ni zile siku za kwanza za kuacha. Dawa zake si za ajabu: diazepamu, ambayo watu wanaijua kwa jina la Valium, inatolewa na muganga na kupunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1. Zote mbili ziko kwenye liste ya OMS ya dawa za lazima. Waganga wanafundishwa kutosahau B1 wakati wanamtilia mulevi seramu ya sukari, juu ubongo wake unaweza kuharibika. Diazepamu nayo ina hatari yake: ukiichanganya na pombe inaweza kufunga pumzi, na inashika mtu kama pombe inavyoshika. Si dawa ya kununua kwenye meza ya soko.

Hapo niseme jambo moja. Sehemu kubwa ya utafiti wa dunia juu ya ulevi inazungumza juu ya heroini na metadoni. Dar es Salaam, pale Muhimbili, walianza kutoa metadoni Februari 2011, na ni kazi kubwa yenye kuheshimika. Lakini Fizi haina shida ileile. Kwetu ni pombe kali, bangi, na vidonge kama tramadoli. Tramadoli ni ya ukoo mmoja na morfini. Ukizidisha inaweza kuleta kifafa na kufunga pumzi. Anayekuja kufundisha Baraka siku tatu na anatumia mbili juu ya sindano za heroini, amekuja na somo la mji mwingine.

Utafiti wa karibu

Je, mtu asiyekuwa daktari anaweza kweli kusaidia mulevi kuacha? Swali hilo limejibiwa si mbali. Eldoret, Kenya, watafiti walichukua watu 614 waliokuwa wanatunzwa juu ya SIDA na wenye kunywa pombe. Wamoja waliingia vikundi vya kujifunza namna ya kukataa pombe, mara 6, mara moja kwa juma. Wengine walipata mafundisho ya afya ya kawaida. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu waliofundishwa kwa kazi hiyo, wakizungumza Kiswahili. Matokeo yaliandikwa 2021: watu wa vikundi vya pombe walipunguza kunywa kuliko wale wengine.

Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, infirmiye wanazungumza kwa muda mfupi na watu walioletwa na ajali za pikipiki ama kupigwa. Mpango wao una jina zuri: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Akili yake ni kumkuta mtu siku ile ambayo jeraha linamuuma bado. Ni nani aliyefanya kazi ya hospitali hapa Baraka, tena karibu na Noeli, asiyeelewa hiyo?

Na mfano wa nyumbani kabisa. 2013 ulitoka utafiti wa Kivu Kusini na Kivu Kaskazini juu ya wamama 405 waliobakwa wakati wa vita. Haukuwa juu ya pombe. Wasaidizi walikuwa wamama wa hapahapa, wenye angalau miaka 4 ya masomo baada ya shule ya msingi. Walifundishwa kwa majuma mawili, kisha walifuatiliwa. Miezi 6 baada ya matunzo, katika vikundi vyao 9 kwa 100 tu ndio walioonekana bado na huzuni kubwa ama woga. Kwa wale waliopata musaada wa kawaida walikuwa 42 kwa 100.

Neno la kuangalia pale ni "walifuatiliwa".

Inapopotelea

Kila mtu aliyewahi kukaa ndani ya ateliye anajua ginsi inavyoendelea. Banderole ukutani, siku tatu, soda, picha ya wote, perdiyemu, cheti. Sisemi perdiyemu ni mbaya; anayetoka Lulenge kwa pikipiki lazima alale na ale. Lakini hapo mhGAP yenyewe haijaisha. Kisha mafunzo, anayejua zaidi anapaswa kwenda kwa aliyefundishwa, akae naye mbele ya mgonjwa wa kweli, amrekebishe. Siku tatu bila ufuatiliaji zinaacha cheti, na mwaka ukipita infirmiye anarudi kugombeza.

Inatokea vilevile kama aliyefundishwa anapewa kituo kingine. Ama anabaki, lakini farmasi haina diazepamu wala B1. Ndiyo maana, shirika likija kutangaza mafunzo ya afya ya akili, maswali ya kuuliza si mingi: nani atatufuatilia baada ya ninyi kwenda, mara ngapi, dawa zitatoka wapi, na watu wangapi kwa kila kituo, ili mmoja akiondoka mwingine abaki? Kamati za afya na ma-RECO wana haki ya kuyauliza. Lusenda na Mulongwe, ambapo wakimbizi wa Burundi wanaishi pamoja nasi, maswali ni yaleyale.

Zamani jibu rahisi lilikuwa kumpeleka mgonjwa mzito Bukavu, SOSAME. Barabara ilikuwa ndefu na ya bei. Tangu M23 waingie Bukavu Februari 2025, familia nyingi za Fizi hazithubutu hata kuifikiri. Kwa hiyo kile kinachojulikana na waganga wa hapa kinakuwa na uzito kuliko mbele.

Kwa familia

Kama mtu wenu anakunywa kila siku na anatetemeka asubuhi, msimfiche pombe kwa ghafla wala msimfungie. Mwende naye kituo cha afya mbele ya kuacha, mseme wazi anakunywa nini na kiasi gani, na kama anameza vidonge. Kama amekwisha kuacha, mpeni maji na chakula kidogokidogo, chumba chenye utulivu na mwangaza, na mtu wa kukaa naye usiku. Akianza kuchanganyikiwa ama kuona vitu, ama joto likipanda, ni hospitali, si kesho.

Akianguka kifafa, ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, msitie kijiko wala kidole mdomoni, msimshike kwa nguvu. Kifafa kikiisha mpelekeni hospitali hata kama anasema amepona, juu cha pili kinaweza kufuata saa chache baadaye.