Kifundo cha mguu: kisu kikate ngozi tu

Ratiba imebana, ila leo niwamegee historia kidogo.

Wengi wetu tukifika kwenye vijimishipa vya fahamu vya mguu tunafunua ukurasa fasta. Tunaona ni vya kukariri kwa ajili ya mtihani basi. Historia ya athroskopia ya kifundo, yaani kuingiza kijidarubini ndani ya kiungo kupitia tundu dogo, inatuumbua.

Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa darubini ya kibofu cha mkojo. Mwaka 1931 Michael Burman wa New York akajaribu viungo vingi vya maiti, ila kwenye kifundo akanyoosha mikono: nafasi finyu mno, darubini haipiti. Ndipo mwaka 1972 Masaki Watanabe, mwanafunzi wa Takagi, akaeleza vifundo 28 alivyovichungulia kwa darubini ya milimita 1.7 tu.

Kuingia kukawezekana, lakini bila kuumiza nini? Chini ya ngozi ile nyembamba kumebanana kama daladala ya asubuhi. Ukipita mbele katikati, unakutana na ateri ya juu ya mguu pamoja na mshipa wa fahamu wa peronea ya ndani. Wengi wakaiacha njia hiyo, wakahamia pembeni. Kumbe upande wa nje nako yupo peronea ya juu! Mwaka 1996 Richard Ferkel na wenzake, Marekani, walitoa hesabu ya wagonjwa 612: asilimia 9 walipata madhara, karibu nusu yake ya mishipa ya fahamu, na huyo peronea ya juu ndiye aliyeumizwa zaidi. Jamani, mtu kaja kutibiwa kifundo, anaondoka na ganzi au maumivu juu ya mguu, hata kamba ya ndala inamtesa.

Kinga yake wala si mashine ya bei mbaya. Kabla ya kukata, kunja mguu kuelekea chini na ndani. Mara nyingi mshipa unajitokeza chini ya ngozi, unauchora kwa kalamu. Kisu kikate ngozi tu, kwa wima, kisha tanua tabaka za chini kwa koleo butu mpaka kwenye kiungo.

Kwa nyuma, mwaka 2000 Niek van Dijk wa Amsterdam alieleza matundu mawili, kila upande wa kano ya Akile. Mpaka ni kano inayokunja kidole gumba: usiivuke kwenda ndani, maana huko kuna ateri na mshipa wa fahamu wa tibia. Mwaka 2012 yeye na Zengerink waliripoti madhara asilimia 3.5 katika upasuaji 1,305 wa kifundo, mbele na nyuma.

Kwa hiyo wadau, ule ukurasa tusiuruke. Kuna mguu wa mtu pale.

Tuko pamoja, tuonane maktaba!