Taa ya Infraredi ya Miguu: Inaweza Kumrudishia Mathee Hisia Zilizochukuliwa na Sukari?

Kama kwenu kuna mtu wa sukari, hii inakuhusu. Ukitafuta "miguu kufa ganzi" kwa simu mara mbili tu, matangazo hayakuachi tena. Unaanza kuonyeshwa mashine za taa, zingine ziko kama slipa, zingine ni pedi za kufunga kwa wayo, na muuzaji anaapa ati wiki chache tu na mathee atasikia tena baridi ya simiti akikanyaga chini. Bei nayo si mchezo. Kabla utoe ganji, chanuka kwanza.

Sukari ikikaa juu kwa damu miaka mingi, inaharibu neva na pia mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu ndizo huumia mapema, na ndefu kuliko zote ni zile zinazoshuka kutoka mgongoni hadi vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni ikipanda, miguu yote miwili, kama mtu anavaa soksi. Wengine wanasikia kuchomeka na kudungwa sindano, hasa usiku. Wengine hawasikii kitu, na hao ndio wako kwa noma kubwa zaidi. Mtu anakanyaga msumari asubuhi, anaupata jioni akivua kiatu. Kidonda kinaoza kimyakimya, na watu wengi wa sukari wamekatwa mguu kwa kitu kilichoanza hivyo.

Sasa hiyo taa. Iliyojulikana sana ni ya Marekani, inaitwa Anodyne. Ni pedi zenye vitaa vidogo vya LED, zinafungwa kwa mguu karibu nusu saa, mara kadhaa kwa wiki. Mwanga wake ni wa nanomita 890, yaani infraredi, na jicho la binadamu haliuoni. Ni wa familia moja na ule wa rimoti ya TV: elekeza rimoti kwa kamera ya simu, bonyeza, na kwa simu nyingi utaona kitaa kikiwaka ambacho macho yako hayakuwa yanaona. Kwa hivyo mashine iking'aa nyekundu, ule wekundu si infraredi. Labda infraredi iko humo ndani, labda haiko. Macho hayawezi kukuambia.

Wazo lenyewe si la kijinga. Ndani ya damu kuna gesi inaitwa naitriki oksaidi, ambayo huambia mishipa ya damu ilegee na ipanuke. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nobeli mwaka 1998 kwa kazi yao juu ya hiyo gesi. (Viagra pia hupitia njia hiyo hiyo, kama ulikuwa unajiuliza.) Watetezi wa taa walisema mwanga unaifungua hiyo gesi kutoka kwa damu, mishipa inapanuka, neva zinapata chakula, hisia zinarudi. Kwa karatasi inaingia akilini kabisa.

Mwaka 2004, jarida la Diabetes Care lilichapisha utafiti wa watu 27. Waliotibiwa walionekana kupata nafuu ya hisia, hasa wale ambao neva zao hazikuwa zimeharibika sana. Watu walisisimka. Kampuni nayo ilikuwa na ruhusa ya FDA tangu 1994, lakini soma ruhusa yenyewe vizuri: ilikuwa ya kuongeza mzunguko wa damu kwa muda na kupunguza maumivu. Kuponya neva haikuwa humo. Hii ndiyo janja ya biashara unafaa kuijua, kwa sababu "imepitishwa na FDA" inaweza kuwa ukweli na bado ikuingize box.

Mambo yalibadilika 2005. Watafiti walichukua watu 39, wakawagawa. Nusu walifungwa mashine inayofanya kazi, wengine wakafungwa inayofanana nayo kila kitu ila haitoi mwanga. Hakuna mgonjwa aliyejua yake ni gani, na hata wapimaji hawakujua. Baada ya wiki nne, waliopata mwanga waliboreka. Waliofungwa mashine feki pia waliboreka. Vile vile tu. Mwaka 2008 wengine wakarudia na watu 69, safari hii mashine zilipelekwa nyumbani, dakika 40 kila siku kwa siku 90. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya mwanga na feki.

Hapo usiwacheke hao wagonjwa. Mtu akishughulikiwa, akiangaliwa miguu kila mara, akiwa na matumaini, anaweza kusikia nafuu na haongopi. Lakini kama mashine iliyozimwa inaleta nafuu ile ile, basi si mwanga unaolipia. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, iliamua Oktoba 2006 kwamba haitalipia hizi taa kwa ajili ya neva wala vidonda. Hiyo ni nchi yenye pesa, na ilikataa.

Na kuna hatari ambayo muuzaji haitaji. Mashine zingine hutoa joto, na mguu uliokufa ganzi hausikii ukiungua. Ni shida ile ile ya mzee kuweka miguu karibu na jiko la makaa au kuiloweka kwa maji moto akitafuta hisia. Atanyanyua mguu ngozi ikiwa imeshatoka.

Kupima hisia ni bure

Kuna kipimo kilitoka Ipswich, Uingereza, na unaweza kukifanya kwa keja. Mwambie mathee afunge macho. Kwa kila mguu, gusa polepole ncha ya kidole gumba, cha katikati na kile kidogo kabisa, sekunde moja au mbili. Usibonyeze, usisugue. Aseme akisikia. Kwa vidole hivyo sita, akikosa viwili au zaidi, mpeleke kliniki ya sukari wampime kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10.

Mkifika huko, kama anameza metformin kwa miaka, uliza kuhusu vitamini B12. Hiyo dawa inaweza kuishusha, na B12 ikiwa chini nayo huleta ganzi ya miguu, na hiyo inatibika. Dawa kama amitriptyline na pregabalin hupunguza maumivu ya neva, lakini hazirudishi hisia, kwa hivyo usishangae maumivu yakiisha na ganzi ibaki.

Kama mashine ishanunuliwa, usianze vita nyumbani. Shika joto lake kwa mkono wako mwenyewe kwanza. Angalia wayo na katikati ya vidole kabla na baada, tumia tochi ya simu. Ukiona lengelenge au kidonda, hata kidogo kama punje ya mchele, zima mashine na muende hosi siku hiyo hiyo. Na dawa za sukari asiache hata siku moja, muuzaji aseme atakavyosema.