Kuagana Mwisho wa Safari: Wapagazi, Ujira na Dhima katika Misafara ya 1873–1877

Historia ya misafara ya Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kutoka upande wa kuondoka. Tunajua siku ambayo msafara ulitoka Bagamoyo, idadi ya mizigo, aina za shanga na doti za merikani zilizobebwa. Kuhusu siku ya mwisho, yaani siku ambayo watu waliokula chungu kimoja kwa miaka miwili au mitatu walitawanyika kila mmoja na njia yake, vitabu vingi vina ukurasa mmoja, au havina kitu. Makala haya yanaichunguza siku hiyo katika matukio matatu ya miaka ya 1870. Nadai kwamba kuagana hakukuwa adabu ya kufungia safari tu. Kulikuwa ndipo mahali pa hesabu, na mtu aliyenyimwa kuagana alikuwa amenyimwa haki.

Lugha yenyewe inatuelekeza huko. Kitenzi *kuaga* kina umbo la kutendana, *kuagana*, na umbo hilo lina maana mbili ambazo mzungumzaji wa leo hazitenganishi kwa urahisi: kupeana kwaheri na kuwekeana ahadi. Kutokana nalo tumepata *agano*. Wanaoagana ni wanaoachana, lakini pia ni wanaofungana kwa neno. *Buriani*, neno la kuagana kuzito zaidi, lina mzizi wa Kiarabu unaohusu mtu kuwa huru na deni au lawama. Anayeomba buriani anaomba aachiliwe dhima kabla ya kwenda. Sisemi kwamba kila mpagazi wa karne ya 19 alifikiri hivi alipompa mwenzake mkono. Nasema kwamba Kiswahili, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya njia ile, kilikwisha kuziweka kwaheri na hesabu katika neno moja.

Tukio la kwanza linajulikana, ingawa kwa kawaida husimuliwa kwa sababu nyingine. Mapema Mei 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye hawakuwa kundi la namna moja. Abdullah Susi na James Chuma walikuwa wamefuatana naye tangu miaka ya Zambezi, na Amoda vivyo hivyo. Walikuwapo vijana waliosomeshwa Nasik, India, baada ya kuokolewa katika majahazi ya watumwa, akiwamo Jacob Wainwright. Wengi wengine walikuwa watu walioajiriwa Unguja na kupelekwa bara mwaka 1872. Walikuwapo pia wanawake, kama Halima, mpishi na mke wa Amoda, na Ntaoeka, mke wa Chuma, ambao simulizi nyingi huwasahau punde tu mzigo unapoinuliwa.

Walikata shauri wenyewe. Moyo na matumbo vilizikwa Chitambo chini ya mti, na Wainwright akasoma sala ya maziko. Mwili ulikaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa, na kwa muda wa miezi tisa hivi ukabebwa mwendo unaozidi kilomita 1,500 hadi pwani. Oktoba 1873 walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wauzike mwili palepale. Walikataa. Baadaye, kwa kuwa wenyeji wa njiani waliogopa maiti kupita katika nchi yao, waliujenga upya mzigo ule ufanane na mtumba wa nguo, na kusingizia kwamba maiti yenyewe imerudishwa Unyanyembe.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ulilala usiku mmoja katika kanisa la mapadri wa Roho Mtakatifu, kisha ukavushwa Unguja kwa manowari Vulture. Hapo ndipo safari ilipokatika. Kaimu konsoli wa Uingereza, Kapteni W. F. Prideaux, aliwalipa watu ujira wao na kuwaruhusu waende zao. Horace Waller, aliyeihariri shajara ya mwisho ya Livingstone, anakiri kwa masikitiko kwamba watu wale walitambulishwa kwa ukali kidogo kwamba kazi yao imekwisha. Katika wale walioanza na Livingstone mwaka 1866 walikuwa wamebaki watano tu: Susi, Chuma, Amoda, Abram na Mabruki. Aliyepelekwa Uingereza pamoja na jeneza alikuwa mmoja, Wainwright, na hilo liliwezekana kwa sababu alijua Kiingereza na jumuiya ya misheni ilimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huohuo, kwa fedha za James Young, rafiki wa marehemu. Maziko yalikuwa yamekwisha.

Ni vyema kulipima jambo hili bila jazba. Ujira ulilipwa, Prideaux hakumdhulumu mtu fedha yake. Kwa sheria ya ajira, mkataba ulifungwa vizuri. Kasoro iko kwingine. Watu hawa walikuwa wamefanya jambo lisilokuwamo katika mkataba wowote. Hakuna aliyewaajiri kubeba maiti. Aliyewaajiri ndiye aliyekuwa amekufa. Walikuwa wamejipa kazi ya kumsindikiza mwenzao wa safari hadi kwa jamaa zake, na kwa desturi za watu wengi wa ukanda huu anayeleta maiti husimama mbele ya wafiwa, akaeleza kifo kilivyokuwa, akaulizwa, akashukuriwa, ndipo akaachiliwa. Bagamoyo walipokewa na ofisi. Ofisi ilijua kulipa, na haikujua kuagana.

Waingereza wenyewe walilitambua pengo hilo baadaye. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili ya wale waliosindikiza mwili, ikazipeleka Unguja. Lakini kufikia wakati huo wengi walikuwa wametawanyika, baadhi wakiwa katika misafara mingine bara. Shukrani iliyocheleweshwa ilihitaji anwani, na mpagazi hana anwani. Ana siku moja tu ya mwisho ambapo wote wako mahali pamoja.

Tukio la pili ni la aina nyingine, na kwa mtafiti wa lugha lina thamani ya pekee kwa sababu limeandikwa kutoka pande mbili, upande mmoja ukiwa kwa Kiswahili. Mwishoni mwa 1876 Henry Morton Stanley alikuwa akitafuta mkondo wa mto Kongo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikubali kumsindikiza pamoja na watu wake kwa malipo. Kwa maelezo ya Stanley, makubaliano ya awali yalikuwa dola 5,000 kwa vituo 60. Msitu ulipowashinda, yakapunguzwa. Waliagana kwenye kingo za mto, mahali Stanley anapopaita Vinya-Njara, katika siku za mwisho za Desemba. Stanley anasimulia sherehe: karamu, mbio za miguu ambazo Tippu Tip alimshinda Frank Pocock, zawadi, hawala ya dola 2,600, na mwisho wimbo wa huzuni wa Wanyamwezi walioachwa ukingoni huku mitumbwi ikichukuliwa na maji.

Sasa tufungue *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe*. Matini haya yaliandikwa kwa Kiswahili, yakachapishwa kwanza Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakatolewa tena na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo sherehe inafifia. Kinachobaki ni ahadi. Simulizi hizi mbili hazilingani hata katika kiasi cha fedha, na malalamiko ya Tippu Tip ni kwamba mgeni wake, akiwa na shida, aliahidi mengi kwa kinywa, na alipofika kwao akatimiza machache. Mtu anaweza kusema kwamba Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, hivyo hesabu ndiyo iliyokuwa dini yake. Hilo ni kweli, na hakuna sababu ya kumpamba. Hata hivyo usomaji huo hautoshi. Mmoja aliandika kuagana kama hisia, mwingine akakuandika kama agano, na aliyeandika kwa Kiswahili ndiye aliyeshika maana zote mbili za neno: ukingoni palikuwa na kwaheri, na kwaheri hiyo ilibeba deni.

Tukio la tatu linafuata moja kwa moja. Tarehe 17 Novemba 1874 Stanley alikuwa ameondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 350. Walipofika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, Agosti 1877, walikuwa wamebaki karibu theluthi moja. Wengine walikufa kwa ndui, kuhara, vita, njaa na maporomoko ya maji; wengine walitoroka. Wazungu watatu walioandamana naye, ndugu wawili Pocock na Frederick Barker, wote walikufa. Kalulu, kijana aliyewahi kupelekwa Uingereza na kutungiwa kitabu, alizama mtoni. Waliosalia walirudishwa kwa meli kupitia Luanda na Rasi ya Tumaini Jema, wakatua Unguja tarehe 26 Novemba 1877.

Zilifuata siku kadhaa za kulipana. Walipwa hawakuwa walio hai pekee. Jamaa wa waliokufa walikuja kudai ujira wa marehemu wao, na madai mengine yalipingana. Stanley anayaandika haya kama usumbufu wa mwisho. Mimi nayaona kuwa sehemu yenye uzito kuliko zote katika kitabu chake kirefu. Kwa mara moja tunaona nyuma ya neno "mpagazi" mama, mke, ndugu na, bila shaka, bwana mwenye mtumwa aliyekuja kuchukua sehemu yake. Kwa watu hawa kurudi kwa msafara ndiko kulikokuwa tanzia. Meza ya malipo ilikuwa pia matanga.

Alipopanda meli mwezi wa Desemba, waliosalia walimbeba hadi mashuani. Kisha baadhi yao walimfuata melini kumwambia kwamba hawatakwenda safari nyingine mpaka wapate barua ya kuwaarifu kwamba amefika kwao salama. Stanley alipenda kujisifu, na ukatili wake njiani umeandikwa vya kutosha. Shahidi wa namna hiyo hasadikiwi hivihivi. Lakini maudhui ya ombi lile yana harufu ya Uswahilini kiasi kwamba ni vigumu kudhani ameyabuni. Nawe umetufikisha kwetu, nasi tunataka kujua umefika kwenu: huko ndiko kusindikizana. Safari haijaisha mpaka kila mmoja afike.

Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili mashariki mwa Kongo, habari hizi si za pwani pekee. Susi hakubaki Unguja na kumbukumbu zake. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa wanyapara wa Stanley katika kazi zilizozaa kituo ambacho leo ni Kinshasa. Chuma aliongoza misafara ya Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetuachia kitabu cha sarufi cha 1870, na baadaye msafara wa Joseph Thomson, kabla ya kufariki mwaka 1882. Na lugha ya watu hawa, waungwana kwa jina walilojiita, ilibaki njiani hata wao walipoondoka. Kiswahili cha kaskazini-mashariki mwa nchi yetu kiliitwa Kingwana kwa sababu yao. Wale ambao hawakuagwa na mtu, waliobaki Nyangwe, Kasongo na kando ya mto, ndio walioacha urithi wa kudumu kuliko wote.

Jambo hili lina upande wa sera. Tanzania iliiweka njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Njia hiyo haikuishia Ujiji, ilivuka ziwa. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hakuna kizuizi cha kitaasisi cha kuitafiti njia hiyo kwa pamoja, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ingefaa kuwa msimamizi. Kazi ya kwanza isiwe kusimamisha minara. Iwe kusoma majina.

Majina yapo. Stanley alichapisha katika kitabu chake orodha za waliokufa na za waliorudi, na ripoti za Livingstone na Waller zina mengine. Yameandikwa kwa masikio na tahajia ya Kiingereza, na mengi hayajawahi kurejeshwa katika Kiswahili. Mwanaisimu akiyashika, yanaanza kusema. Uledi, nahodha shujaa wa mashua Lady Alice, ana jina linalotokana na neno la Kiarabu la mtoto wa kiume, ambalo mtu mzima alilibeba maisha yake yote. Mabruki, Farjallah, Baraka, Almasi, Marjani ni majina ya baraka na vito ambayo mabwana wa pwani waliwapa watumwa wao, baada ya kuyafuta yale waliyokuja nayo kutoka bara. Wadi Rehani ni mtoto wa Rehani, kwa hiyo hapo tuna baba. Manwa Sera ni jina la Kinyamwezi, jina la mtemi, ambalo hakuna bwana wa pwani aliyelifuta.