Mama Nyuma ya Kioo

Njiti ni kijiti cha kiberiti. Aliyelihamishia neno hilo kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake alikuwa na jicho kali: miguu myembamba kama kidole cha mtu mzima, ngozi inayoonyesha mishipa, kichwa kilichouzidi mwili. Mashine ya joto anamolazwa mtoto huyo nayo Watanzania wengi wameipa jina lao. Wanaiita chupa. "Wako kwenye chupa," mama hujibu majirani waliokuja kumpa hongera ya mapacha wakamkuta amekaa peke yake, nguo imelowa maziwa kifuani.

Kwa mila za pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto habanduki ubavuni pake. Mama wa njiti, arobaini yake humkuta kwenye benchi la hospitali. Kila baada ya saa chache anakamua maziwa kwenye kikombe, anayapeleka wodini, na muuguzi anayapitisha kwenye mpira mwembamba unaoingilia puani. Wa mapacha ana vikombe viwili, na si nadra kumkuta, kwani zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Kurwa akiongezeka, Doto akisuasua, furaha ya huyu inakuwa kama usaliti kwa yule.

Hata hivyo anaingia wodini. Anawagusa. Kwa sehemu kubwa ya miaka 140 na ushei tangu chupa ibuniwe, mama hakuwa na ruhusa hiyo.

Chupa yenyewe ilianzia kwa kuku. Daktari wa uzazi wa Paris, Stéphane Tarnier, aliziona mashine za kuangulia vifaranga kwenye bustani ya wanyama ya jiji hilo, Jardin d'Acclimatation, akamwomba Odile Martin aliyezitengeneza amtengenezee ya watoto. Mwaka 1880 ikawekwa katika hospitali ya wazazi ya Maternité. Hadi hapo njiti wengi walizungushiwa pamba na kuwekwa karibu na moto, basi. Miaka michache baadaye hospitali ilitoa hesabu yake: miongoni mwa watoto waliopungua kilo 2, waliokufa walishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Toleo dogo lililofuata lilipashwa joto kwa chupa za maji ya moto zilizobadilishwa kwa zamu, kwa hiyo Watanzania, pasipo kukusudia, hawakukosea sana.

Mmoja wa watu wa kwanza kuuliza kwa dhati habari za mama alikuwa mwanafunzi wa Tarnier, Pierre Budin. Aliona kwamba watoto walipotengwa na kunyonyeshwa na wanawake wa kukodiwa, mama zao walikuja mara moja, mara mbili, kisha wakapotea. Katika kitabu chake cha mwaka 1900, Le Nourrisson, aliandika kwamba mama aliyenyimwa nafasi ya kumnyonyesha na kumtunza mwanawe hupoteza hamu naye upesi. Wanawake wengi waliojifungulia hospitali hizo walikuwa maskini, na kwao kila siku ya kukaa hospitali ilikuwa siku ya ujira iliyopotea, kwa hiyo hamu peke yake haielezi kila kitu. Lakini Budin alifanya jambo la maana. Alitaka mashine ziwe na kioo na zikae karibu na kitanda cha mzazi, ili amwone mtoto muda wote, na akasisitiza maziwa yawe ya mama mwenyewe.

Kioo, bahati mbaya, hakichagui mtazamaji.

Mwaka 1896 mashine hizo, zikiwa na watoto ndani, zilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Berlin na watu wakalipa kuziona. Martin Couney, aliyedai kwamba alikuwa nyuma ya shughuli hiyo, aliendesha banda la njiti kuanzia 1903 hadi 1943 huko Coney Island, ufukwe wa starehe wa New York. Kiingilio senti 25. Couney alijiita daktari na mwanafunzi wa Budin. Waliofuatilia baadaye hawakupata ushahidi wa cheti chochote cha udaktari. Usafi wake, hata hivyo, ulizishinda hospitali nyingi za mji, na wazazi hawakutozwa hata senti. Muuguzi wake mkuu, Louise Recht, alikuwa akivua pete yake ya almasi na kuivisha kwenye mkono wa mtoto, ikapita hadi juu, umati ukashusha pumzi. Couney alihesabu watoto kama 8,000 waliopita mikononi mwake, na waliopona kama 6,500.

Mmoja wao alikuwa Lucille Horn. Alizaliwa mwaka 1920 akiwa na uzito usiofika kilo moja, yeye na pacha wake aliyefariki papo hapo. Hospitali haikuwa na la kufanya, ikamwambia baba asubiri wote wawili wazikwe. Baba akamfunga mtoto kwenye blanketi, akasimamisha teksi, akaenda naye Coney Island. Alikaa huko miezi sita. Alipokuwa msichana mkubwa alirudi kumwona Couney, na Couney akamgusa bega mwanaume aliyekuwa amesimama mbele ya chupa kwa wasiwasi, akamwonyesha: huyu naye alikuwa humu, na wako atakua hivihivi. Lucille alizaa watoto watano na kufa mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 96.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na kila mara baba yupo, teksi ipo, blanketi lipo. Mama hayupo. Mwanamke aliyempoteza mtoto mmoja, na wa pili akaondoka kwa teksi, amebaki nje ya hadithi.

Huko Kanada, Elzire Dionne aliona zaidi ya hayo. Tarehe 28 Mei 1934 alijifungua mabinti watano njiti, ambao kwa pamoja walikuwa na uzito wa kilo 6 hivi. Nyumba haikuwa na umeme. Chupa yao ikapashwa joto kwa maji. Walipona wote, na hapo ndipo mama alipowapoteza: serikali ya jimbo la Ontario ikachukua malezi yao, wakawekwa kwenye jengo lililojengwa ng'ambo ya barabara, na watalii kama milioni 3 wakapita kuwachungulia wakicheza.  Familia iliungana tena mwaka 1943, wasichana wakiwa na miaka tisa.

Hospitali zilipoanza kujenga wodi zao za njiti, kama ile ya Julius Hess ya Chicago mwaka 1922, umati uliondolewa. Ukaondolewa pamoja na mama. Sababu haikuwa ukatili. Kabla ya dawa za antibayotiki, kikohozi cha mgeni mmoja kingeweza kumaliza wodi nzima, na wauguzi waliliogopa vumbi la kanzu kuliko machozi ya mzazi. Lakini dawa zilipokuja, mlango ulibaki umefungwa. Mama alipewa saa ya kuja, akasimama upande wa pili wa kioo, akaonyeshwa kwa kidole: yule wa tatu kutoka kulia. Wengi hawakumgusa mtoto kwa wiki kadhaa, wengine hadi siku ya kukabidhiwa mtu wasiyemjua. Maziwa yalikuwa yamekauka zamani.

Wala cheo hakikusaidia. Mtoto wa Rais John Kennedy, Patrick, alizaliwa Agosti 7, 1963, wiki tano na nusu kabla ya siku zake, akiwa na kilo 2.1. Mapafu yakamsumbua. Alikimbizwa Boston huku mama yake, Jacqueline, aliyefanyiwa upasuaji, akibaki kwenye hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Otis. Patrick aliishi saa 39. Jacqueline hakuweza hata kuhudhuria mazishi.

Mwaka 1970 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya jambo dogo mno: waliwaruhusu mama kunawa mikono, kuvaa gauni, kuingia wodini na kuwashika watoto wao. Maambukizi hayakuongezeka. Miaka hamsini ya kioo ilikuwa imesimama juu ya hofu ambayo wachache walijisumbua kuipima.

Lakini pigo kubwa kwa kioo lilitoka mahali ambapo vioo havikutosha. Mwaka 1978, katika hospitali ya Instituto Materno Infantil jijini Bogotá, Kolombia, njiti walilazwa wawili watatu kwenye chupa moja, wakiambukizana, na baadhi ya mama wakiwatelekeza. Daktari Edgar Rey akakumbuka habari za kangaroo, ambaye mtoto wake huzaliwa na uzito wa gramu moja hivi na kumalizia kukua ndani ya mfuko wa mama. Yeye na mwenzake Héctor Martínez wakawatoa watoto mashineni, wakawasimamisha kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, chini ya nguo, wakawapa maziwa ya mama na kuwaruhusu kwenda nyumbani.

Wataalamu wa nchi tajiri walilichukulia jambo hilo kama dawa ya maskini. Hesabu za mwanzo kweli hazikuwa na ulinganisho mzuri. Daktari Mfaransa Nathalie Charpak alilazimika kuifanyia njia hiyo majaribio ya kisayansi huko huko Bogotá miaka ya 1990. Barani Afrika hospitali ya misheni ya Manama, Zimbabwe, ambayo haikuwa na chupa yoyote, ilianza njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 chini ya Nils Bergman na Agneta Jürisoo. Kabla yake, katika kila watoto 10 waliopungua kilo moja na nusu, alipona mmoja. Baada yake walipona watano.

Bado mama alitakiwa kungoja mtoto "atulie" kwanza, siku tatu, wiki. Matokeo ya utafiti mkubwa yaliyotangazwa mwaka 2021 yakaondoa hata subira hiyo. Ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0, waliosubirishwa, asilimia 15.7. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa kuendelea kuwasubirisha wengine kusingekuwa haki. Ili jambo hilo liwezekane, kitanda cha mama kililazimika kuingizwa ndani ya wodi ya watoto mahututi. Budin angelitambua wazo hilo.

Na likizo ya uzazi? Sheria ya kazi ya Tanzania ilimpa mzazi siku 84, na mwenye mapacha siku 100, zikihesabiwa bila kujali watoto wako wapi. Mapacha waliozaliwa wiki ya 28 wangetimiza wiki 40 siku ya 84. Mama angekuwa amebakiwa na siku 16 za kukaa nao kama watoto wengine. Miongoni mwa waliopigania miaka mingi sheria hiyo ibadilishwe ni Doris Mollel, mwenyewe aliyezaliwa njiti, tena pacha, na mwanzoni mwa 2025 marekebisho ya sheria yakaongeza muda uliobaki hadi kufikia wiki 40.

Katika wodi ya kangaroo asubuhi huanza na mzani. Mama hufungua kanga, vichwa viwili vyenye kofia za sufu vinatokeza, kimoja kila titi. Muuguzi humchukua Kurwa kwanza: gramu 1,640, ameongezeka 25. Kisha Doto: 1,410, amepungua 5. Mama haulizi kitu. Wanaporudishwa, huwabadilisha nafasi, Doto akawekwa upande wa moyo, kanga ikakazwa, na bibi yao aliyekuja na chupa ya chai huambiwa asubiri kwanza, Kurwa ndiyo kwanza amesinzia.