Kisanduku cha Huduma ya Kwanza: Maandalizi Muhimu Kabla ya Safari ya Boti

Mtu anayeumia mjini huweza kufikishwa kituo cha afya ndani ya muda mfupi. Anayeumia katikati ya Ziwa Victoria, au baharini kati ya Nyamisati na Kisiwa cha Mafia, hutegemea kwanza watu na vifaa vilivyomo ndani ya chombo alichopanda. Kwa sababu hiyo, kisanduku cha huduma ya kwanza kinapaswa kuandaliwa kabla boti haijaondoka, iwe ni ya uvuvi, ya abiria au ya matembezi ya familia.

Hatua ya kwanza ni kuchagua chombo cha kuhifadhia. Kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana hufaa zaidi, kwa kuwa bandeji iliyolowa na vidonge vilivyoingia maji havina msaada. Kiwekwe mahali pasipofikiwa na mawimbi, mbali na mafuta ya injini na jua kali. Nahodha na angalau mtu mwingine mmoja wajue kilipo, na orodha ya vilivyomo ibandikwe ndani ya mfuniko.

Majeraha ya kawaida katika boti hutokana na visu, ndoana, propela, kuteleza na kuungua kwa injini yenye moto. Kisanduku kiwe na glovu, gozi safi, bandeji pana, plasta, kitambaa cha pembetatu cha kuning'iniza mkono uliovunjika, mikasi, kibano, sabuni, dawa ya kusafishia vidonda na chupa ya maji safi.

Jeraha linalovuja damu nyingi hukandamizwa kwa nguvu kwa gozi bila kufunuliwa mara kwa mara. Gozi ikilowa, huongezwa nyingine juu yake. Ndoana iliyozama ndani ya nyama, hasa karibu na jicho, isichomolewe. Mshipi ukatwe na majeruhi apelekwe kwa mtaalamu. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno au mafuta.

Kwa wanaosafiri baharini, chupa ya chai yenye maji ya moto ni nyongeza yenye manufaa. Aliyechomwa na mwiba wa taa hupata nafuu ya maumivu anapozamisha sehemu iliyochomwa katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90. Hata hivyo, mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usiguswe, na safari ya kwenda hospitali ianze mara moja.

Upande wa dawa, ziwemo za kutuliza maumivu kama parasetamo, za kuzuia kichefuchefu cha safari na pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Abiria wenye pumu, kisukari au shinikizo la damu wabebe dawa zao za kutosha, hata kwa safari fupi, kwani injini huweza kuharibika na safari ya saa moja ikawa ya usiku kucha.

Aliyeopolewa majini bila kupumua hahitaji kuning'inizwa kichwa chini wala kukandamizwa tumbo ili atapike maji. Vitendo hivyo hupoteza muda. Mwenye mafunzo ampe pumzi 5 za kuanzia, kisha amkandamize kifua mara 30 na kumpa pumzi 2, akiendelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Akizinduka, avuliwe nguo zilizolowa na kufunikwa kwa khanga au blanketi kavu, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama anaonekana mzima. Mafunzo ya huduma hizi hutolewa pia na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania.

Kando ya dawa, kisanduku kibebe tochi, filimbi na mfuko usiopitisha maji wa kuhifadhia simu. Namba ya dharura nchini ni 112. Inashauriwa pia kumwachia ndugu aliyebaki nchi kavu taarifa ya njia ya safari na saa ya kurejea, na kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Baada ya kila safari, vilivyotumika virudishiwe na tarehe za mwisho za matumizi ya dawa zikaguliwe. Kisanduku hakichukui nafasi ya jaketi okozi, ambalo kila abiria anapaswa kulivaa tangu boti inapoondoka hadi inapotia nanga. Kazi yake ni kumfikisha majeruhi akiwa hai mahali penye daktari.