Nguo ya Merikani

Wazee wetu wa Buha walilijua jina la Amerika kabla hawajamwona Mwamerika hata mmoja, kwa sababu ya nguo. Nguo ile nzito isiyotiwa rangi, iliyopimwa kwa mikono na kwa doti, iliitwa merikani, nayo ilifika Ujiji vichwani mwa wapagazi waliotoka Bagamoyo. Kwa merikani watu walinunua chumvi ya Uvinza na pembe za ndovu. Na kwa merikani, ni aibu kusema, walinunua watu. Stanley alipopita Buha mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, watawala wetu walimtoza hongo ya nguo nyingi, hata akatoroka usiku kwa njia ya porini asije akatozwa tena. Wako wanaoicheka habari hiyo. Mimi nawaomba wasicheke upesi, bali waulize kwanza ile nguo ilifumwa wapi.

Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kaskazini ya Amerika. Sehemu ile ilianza kukaliwa na Waingereza wenye dini sana, waliofika Plymouth mwaka 1620 ili wamwabudu Mungu kama dhamiri zao zilivyowaagiza. Lakini mwaka mmoja kabla yao, 1619, Waafrika walikuwa wamekwisha kuletwa Virginia na kuuzwa. Hata mwaka 1776 Waamerika walipojitoa chini ya mfalme wa Uingereza, walitangaza usawa wa watu wote mbele ya Muumba. Naye Thomas Jefferson, aliyeyaandika maneno hayo, alikuwa bwana wa watumwa. Massachusetts yenyewe iliacha utumwa kwa hukumu ya baraza mwaka 1783. Ila pamba ya viwanda vyake ililimwa na watumwa wa kusini, na baada ya mashine ya kuchambua pamba kubuniwa mwaka 1793, mashamba yale yakazidi sana. Basi mwenye kiwanda aliweza kuapa kwamba hana mtumwa hata mmoja, asiwe mwongo.

Mwaka 1833 Waamerika walifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 akaja Unguja balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem. Huyu alikuwa mtu wa sala, mwenye kuuchukia utumwa. Aliwaona watumwa Unguja akasikitika, akaiandika huzuni yake katika kitabu chake cha kila siku. Kisha akapatana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha ya Sultani, aliyetoza ushuru wa pembe, wa sandarusi, na wa kila kichwa cha mtumwa. Na kwa mapatano hayo biashara karibu yote ya Waamerika ikapita mikononi mwao wawili. Sisemi kwamba machozi yake yalikuwa ya uongo. Nadhani yalikuwa ya kweli, na jambo hilo ndilo linalonitisha.

Maana alikuwako mwingine kabla yake. John Woolman, fundi cherehani wa New Jersey, alikuwa wa Marafiki, yaani Wakristo wale ambao ndugu zao wa Amerika walianzisha misheni ya Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Alipokuwa karani kijana, bwana wake alimwagiza kuandika hati ya kumwuza mwanamke mweusi. Aliiandika, moyo ukamsumbua, na baadaye aliombwa tena akakataa. Akasafiri nyumba kwa nyumba akizungumza kwa upole na Marafiki wenye watumwa. Akaiacha sukari iliyolimwa na watumwa. Akavaa nguo zisizotiwa rangi, watu wakimshangaa. Alikufa mwaka 1772, na miaka minne baadaye mkutano mkuu wa Marafiki wa Philadelphia ukakataza mwanachama wake yeyote kuwa na mtumwa.

Vita ya Waamerika wenyewe kwa wenyewe, 1861 hata 1865, ndiyo iliyoukomesha utumwa wao. Pamba ilipoadimika, merikani nayo ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi yake. Biashara ya watu huku kwetu haikungoja nguo ya taifa fulani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa ilitoka mwaka 1922. Miaka hiyo vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba, wakiitwa manamba, kila mmoja na namba yake.